Jicho la Volti Tano kwenye Ngazi za Koko

Jumatatu, tarehe 4 Novemba

Nimeamua. Koko haendi Kavumu.

Koko ni mama mukwe wangu, mama ya bwana yangu, Papa Bintu. Watoto wanamwita Koko, na mimi nimeshazoea. Miaka kumi na ine tuko pamoja mu nyumba hii ya Nguba. Mama yangu mwenyewe alikufa ningali mudogo, kwa hiyo huyu njo niko naye. Alinifundisha kufunga mutoto mugongoni mvua ikinyesha. Bila yeye sijui kama Bintu, mutoto wangu wa kwanza, angefika umri wa kunijibu vibaya.

Ijumaa nilirudi kutoka soko ya Nyawera, nikamukuta ameketi jikoni, muguu umevimba, umefungwa kitambaa. Alianguka kwenye ngazi. Nyumba yetu iko chini, barabara iko juu, katikati ngazi thelathini na moja za udongo na mawe. Koko anazipanda kila asubuhi saa kumi na moja kwenda misa, kungali giza. Tochi hataki. Mukono mumoja una fimbo, mwengine una rozari, anauliza tochi aishike na nini, na meno?

Habari ilifika Kavumu kabla ya uvimbe kushuka. Wifi yangu Rosette akapiga simu: Jumapili anakuja na gari ya bwana yake Hugues, anamuchukua mama yake moja kwa moja. Kwake kuko tambarare, anasema, hata kuku haiwezi kuteleza. Papa Bintu akamujibu kwamba tutaweka taa. Rosette akacheka. Papa Bintu akaniambia kama Jumapili ikifika na ngazi zingali giza, yeye hana neno la kumujibu dada yake. Kisha akalala. Mimi usingizi ulinikataa.

Taa ya kawaida haiwezi. Umeme wa quartier yetu ya Nguba unakuja ukitaka. Tuko na batri ya pikipiki ya Papa Bintu. Pikipiki ilikufa, batri bado nzima. Lakini taa ikiwaka toka jioni, asubuhi batri iko tupu, na asubuhi njo Koko anaihitaji. Inatakiwa taa inayojiwasha mutu akipita na kujizima akiisha kupita. Kama ile ya Maman Eulalie.

Maman Eulalie ni jirani. Kaka yake alimutumia taa kutoka Ubelgiji, inajiwasha hata mbuzi akipita. Kila nikipita ananiambia, "Mama Bintu, pita polepole, taa yangu haijakuzoea." Siendi kumuuliza kitu. Afadhali nimuulize mbuzi.

Nilienda kwa Guylain, fundi wa radio na simu, mwenye meza karibu na soko. Ameniuzia majicho mawili. Yeye anayaita détecteur. Ni kitu kidogo, cheupe, mviringo kama nusu ya yai, na nyuma kimeshikana na kiswichi chake kinachofungua na kufunga taa. Akaeleza. Taa yenyewe ni ya volti kumi na mbili, ikunywe ku batri, hakuna shida. Lakini jicho na kiswichi chake vinakunywa volti tano tu. Volti kumi na mbili lazima zipunguzwe kwanza. Kidude cha kupunguza hana leo, nirudi Alhamisi. Nikatikisa kichwa kama mutu aliyesikia.

Njiani nikafikiri. Guylain ni fundi wa mezani, mimi ni mama wa nyumba, najua umeme wa Bukavu. Hapa nani amewahi kupata volti zilizoandikwa? Balbu imeandikwa mia mbili na ishirini, umeme unafika unatambaa, balbu nyekundu kama jicho la mulevi. Pasi inakaa saa nzima haijapata joto la kunyoosha kola. Volti zinachoka njiani, kila mutu anajua. Kwa hiyo kitu kilichoandikwa tano, ukikipa tano, kitapata mbili. Ukikipa kumi na mbili, kitapata tano. Hesabu hiyo sikufundishwa shuleni, shule niliacha mwaka wa ine. Ni akili tu.

Alhamisi iko mbali. Kesho.

Jumanne, tarehe 5

Jicho la kwanza limekufa.

Nilifanya yote vizuri. Waya nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Batri juu ya kiti. Jicho juu ya sahani safi, maana mugeni haumupokei hivihivi. Nikagusisha. Likalia tsi, kidogo sana, kama mutu anayekataa chakula kwa adabu. Moshi mwembamba ukatoka. Koko akauliza kutoka chumbani nani anachoma kitana. Nikamwambia ni takataka za Eulalie.

Nimetafuta kosa, nimelipata. Waya ilikuwa fupi. Urefu wa mukono tu, volti zikafika na nguvu zao zote, hazijachoka hata kidogo. Umeme wetu unatoka mbali, kule Ruzizi, njo maana unafika mupole. Kwa hiyo nikafungua kamba yetu ya kuanikia nguo, ile ya waya, nikaizungusha nyumba mara mbili.

Papa Bintu aliporudi kutoka kazi akakuta nyumba imefungwa kama mufuko wa mihogo. Akauliza. Nikamueleza juu ya uchovu wa volti. Akatazama jicho lililokufa, akatazama lile zima, akasema yeye ni karani wa bureau tu, mambo ya umeme hajui, lakini kuhesabu anajua: tulikuwa na mbili, tumebaki na moja. Akatia jicho la pili mufukoni mwa suruali yake, akaenda kuoga nayo.

Ana wivu na hesabu yangu.

Jumatano, tarehe 6

Wazo lilikuja ninachambua sombe, majani ya mihogo. Pile za radio, zile batri ndogo.

Pile moja iko volti moja na nusu, imeandikwa juu yake, na radio haijawahi kulalamika. Tatu zinafanya ine na nusu, haitoshi. Ine zinafanya sita. Imezidi moja, lakini hiyo moja ni heshima, mutu haumupimii mugeni chakula mpaka punje ya mwisho. Radio ya Papa Bintu iko na pile ine, mupya kabisa. Jicho nililikuta kwenye suruali ya jana.

Jicho kwa pile, taa kwa batri. Nikalifunga jicho juu ya mulango wa jikoni, linatazama ngazi. Guylain alisema likipewa umeme linachukua dakika moja kuamka. Nikangoja. Kisha nikanyanyua mukono.

Taa ikawaka.

Nilikaa chini kwenye ngazi ya kwanza. Mimi, Virginie. Nikapanda, nikashuka, nikapanda tena. Kila mara inawaka. Nikamuita Koko. Akaja na fimbo yake, akatazama juu, akasema, "Aksanti, mutoto wangu. Sasa inanitazama mimi ao inatazama kuku?" Nikamwambia inatazama wote wenye damu ya moto. Akasema basi Rosette itamutazama kidogo tu. Tulicheka mpaka muguu wake ukamuuma.

Maman Eulalie aliona yote kutoka baraza yake. Akasema taa nzuri, Mama Bintu, hongera. Nilipaswa kuogopa hapo hapo. Jioni watoto wake wane wakaanza kucheza kwenye ngazi zangu. Kupanda, kushuka. Kisha mbuzi yake. Tangu lini mbuzi ya Eulalie inakula kwangu? Na kuku zangu mwenyewe, ambazo zingekuwa upande wangu, zikapita mara mia. Kila kupita, kiswichi kinalia tak, pile zinanyonywa. Saa moja ya jioni jicho lilikuwa limekufa njaa.

Papa Bintu akarudi mbio kusikiliza mupira. Radio kimya. Akafungua kifuniko cha nyuma, akachungulia mashimo mane matupu, akakifunga tena polepole sana.

Alhamisi, tarehe 7

Asubuhi nilimupandisha Koko mwenyewe, mukono kwa mukono, ngazi thelathini na moja. Tulifika padri amemaliza mahubiri. Koko hakuninung'unikia, na hiyo njo ilinikata. Siku tatu zimebaki.

Kwa Guylain nilisema kuna jirani yangu, mwanamuke fulani, alitia volti kumi na mbili kwenye jicho. Guylain akauliza huyo jirani anaendeleaje. Nikasema yuko na huzuni. Akasema, "Maman, umwambie, mutoto anayelishwa uji na kijiko haumumwagii sufuria." Mimi, mama wa watoto watano. Nikataka kuondoka. Lakini kile kidude alikuwa nacho tayari mukononi.

Kinaitwa régulateur. Kidogo kama ukucha, cheusi, kina miguu mitatu. Maandishi yakikutazama, muguu wa kushoto unaingiza kumi na mbili za batri, wa katikati ni wa waya zote nyeusi, wa kulia unatoa tano. Tano sawasawa, hata batri ikiwa na hasira. Nikauliza zile saba zingine zinaenda wapi. Akasema zinageuka joto, zinapotea hewani. Sikupenda. Saba nzima kutupwa, na sisi tuko watu wa kubakisha chakula cha kesho. Akasema njo kazi yake, na kwamba hiki ni cha jicho na kiswichi tu, nisiongeze kitu kingine juu yake. Akarudia mara mbili. Nikatikisa kichwa.

Bintu alishika, mimi nikafunga. Kushoto, katikati, kulia. Dakika moja. Nikanyanyua mukono.

Inawaka. Bila pile. Kuku nimezifungia, na mbuzi ya Eulalie nimeirudisha mwenyewe, na kamba yake.

Pile za radio nimenunua zingine. Nimeziweka chini ya muto wa Papa Bintu. Akazikuta, akasema mm. Kwa Papa Bintu hiyo ni hotuba.

Ijumaa, tarehe 8

Koko amepanda peke yake.

Nilisimama mulangoni na shuka mabegani. Saa kumi na moja, giza la kutosha kuficha ng'ombe. Akaweka fimbo ngazi ya kwanza, taa ikafunguka juu yake nzima, na ngazi zote zikaonekana mpaka barabarani. Akasimama kidogo. Akanyoosha kilemba. Halafu akapanda kama mutu anayeenda kupewa zawadi.

Jioni sala ya shirika, wakristo wa mutaa wetu, ilikuwa kwetu. Wamama kumi na mbili walikuja, na wote wakataka kupita. Maman Micheline, présidente wa wamama, alipita mara tatu na mara ya tatu alijifanya amesahau kitabu cha nyimbo. Nikawaeleza. Kumi na mbili inaingia, tano inatoka, ya katikati ni ya weusi wote. Maman Eulalie akasema taa yake haina waya nje kama matumbo ya mbuzi. Nikamwambia yangu ina matumbo kwa sababu iko hai. Wamama walicheka sana. Nimeandika hapa nisisahau.

Jumamosi, tarehe 9

Umeme wa quartier haujarudi tangu Alhamisi. Simu zote zimekufa. Maman Micheline alikuja asubuhi, simu mukononi kama mutoto mugonjwa. Mutoto wake anasoma Kampala, leo njo siku ya kumupigia. Akanitazama na macho yale.

Nikageuza kichaji cha simu, nikasoma maandishi ya nyuma. Tano. Simu inakunywa tano. Régulateur inatoa tano. Nani basi ananiambia ni bahati tu?

Maneno ya Guylain niliyakumbuka, sitaki kudanganya. Lakini Guylain alisema nisiongeze kitu kingine. Tano si kitu kingine. Tano ni tano.

Bintu yuko na waya ya kichaji yenye midomo mingi. Nikaikata mukia, nyekundu ku muguu wa kulia, nyeusi ku muguu wa katikati. Simu ya Micheline ikalia na kuonyesha batri yake inajaa. Micheline akanikumbatia. Kufika saa sita nilikuwa na simu ine, kufika saa tisa nane, zimelala juu ya meza yangu kama samaki. Batri nayo niliishibisha Jumatano umeme ungali kuwepo, haijalalamika. Sikuomba kitu kwa mutu. Niliomba tu kila mumoja aingie kwa mulango wa mbele, Eulalie awaone.

Saa kumi simu zote zikaacha kula. Nikagusa régulateur. Homa. Homa ya kweli, ile ya kukimbiza mutoto hospitali. Sikuogopa, nimelea watano. Nikalowesha kitambaa, nikakikamua vizuri, nikamuweka kipajini. Dakika chache, simu zikaanza kula tena. Jioni nimebadilisha kitambaa mara sita. Ni kazi, lakini ni kazi ninayoijua.

Bintu ameniambia, Mama, toa hizo simu, kesho shangazi Rosette anakuja. Nikamwambia nitazitoa. Lakini wenyewe hawajaja kuzichukua, na simu ya présidente haiwezi kurudi na nusu.

Jumapili, tarehe 10

Ninaandika polepole, vidole viwili vimeungua.

Rosette na Hugues walifika saa kumi na mbili, mvua iliwashika njiani. Nilipika bugali, samaki wadogo wa sambaza na mboga ya lenga-lenga. Rosette alikula vizuri, kisha akaomba nimuwekee simu yake, imezima. Kulikuwa na nane tayari. Lakini utamwambiaje wifi yako, siku anayokuja kukupima, kwamba kwako hakuna nafasi? Nikaweka. Tisa.

Akaanza. Alisema hana ubaya na mimi, Mama Bintu ni mutu mwema, lakini ngazi ni ngazi. Chumba kiko tayari. Godoro mupya. Mufuko wa Koko, Rosette aliufunga mwenyewe na ulikuwa umesimama mulangoni, na pembeni nikaona kitenge changu kimetokeza, kile cha majani ya kijani ambacho Koko anaazima kwangu kila Jumapili na harudishi. Koko alikuwa anatazama sahani. Hugues akasema tusikawie, barabara ina matope.

Papa Bintu akasimama. Akasema, "Dada, kabla hujaenda, tazama kwanza. Mama, panda." Akaninyooshea mukono mbele ya wote, kama mutu anayeonyesha shamba lake.

Tukatoka. Giza limeshashika. Maman Eulalie ku baraza yake, watoto wamepangwa mbele yake kama korali.

Koko akaweka fimbo ngazi ya kwanza. Giza. Ya pili. Giza. Rosette akasema, "Mama, simama hapo." Eulalie akauliza, kwa sauti ya kunihurumia, aniletee mushumaa? Papa Bintu hakunitazama. Nikasema jicho hili lina heshima, haliwaangalii wazee mara moja. Hugues peke yake njo alisema, aa.

Nikakimbilia jikoni. Kitambaa kilikuwa kimekauka kama karatasi. Nikashika régulateur: vidole viwili. Simu tisa zinanyonya. Sikuchagua. Ya Micheline, ya Rosette, ya watu wa Mungu wote, nikang'oa waya kwa mara moja. Nikapepea na kifuniko cha sufuria. Nikapuliza. Nikasema Salamu Maria, nikakumbuka jicho linataka dakika ya kuamka, nikaongeza zingine tano.

Nje nilisikia Rosette anaita, Mama, simama, Mama, na fimbo ya Koko: to. To. To. Haikusimama.

Halafu tak.

Nilifika mulangoni. Alikuwa ngazi ya kumi na tisa, mwanga wote juu yake. Fimbo upande wa ukuta, rozari mukono mwengine, muguu katikati ya ngazi sawasawa. Koko akageuka, akakunja macho, akamuuliza Rosette kwa nini anapiga kelele kama mutu aliyeibiwa.

Rosette akasema, Mama, si ulianguka sababu ya giza?

Koko akauliza nani alisema giza. Alianguka saa saba ya mchana, jua kali, anafukuza kuku ya Mama Bintu iliyoingia kwenye unga. Hakuna mutu aliyemuuliza saa.

Rosette akauliza, sasa taa ni ya kazi gani. Koko akasema hajui, awaulize wenye kuchoma vitu mu nyumba siku sita na kusingizia jirani. Lakini yeye tangu aolewe hajawahi kuwashiwa kitu akipita. Hata baba yao alikuwa anamwambia apapase. "Rudisha mufuko huo chumbani, Rosette. Godoro yako nitalala juu yake Noeli, siku mbili." Akageuka, akamaliza ngazi kumi na mbili zilizobaki, akagusa barabara na fimbo, akashuka. Taa ikamungoja mpaka chini.

Rosette alilia kidogo, akanikumbatia kidogo zaidi. Kisha akauliza nani aling'oa simu yake. Nikamwambia ni jicho.

Papa Bintu amenifunga vidole mwenyewe. Amevifunga vibaya, lakini nimeviacha hivyo.

Hiyo habari ya mchana sikuifuatilia. Muzee anachanganya saa. Kilichomubakisha Koko ni taa, watu wote waliona.

Jumatatu, tarehe 11

Koko amerudi kutoka misa na kazi. Amewaambia huko kwamba njia ya kushuka grotto, ile pango ya Bikira Maria, iko giza, wamama wanapapasa, na kwamba muke wa mutoto wake anajua dawa. Ameahidi kwa jina langu, Jumatano. Hakuniuliza. Nilijisikia vizuri mpaka nikaketi.

Mutunza sakristia, Papa Didier, amekuja mwenyewe kwangu, kofia mukononi. Ameniita maman technicienne. Nilimuomba arudie, Eulalie alikuwa anaanika nguo.

Kule wako na batri mbili za lori zilizoshikana, zinatoa volti ishirini na ine. Guylain amekwenda Luberizi, kwa mashemeji wake, wako kwenye mavuno ya mupunga, hadi wiki ijayo hayuko. Didier alitaka tumungoje. Nikamwambia hakuna haja. Régulateur nimeishika na vidole vyangu, inachoma volti bure, ni uharibifu. Mu nyumba chakula kikizidi haukichomi. Unaita watoto.

Nikamupigia hesabu hapo hapo. Jicho moja linakula tano. Majicho matano yakikaa kwenye sahani moja, kila moja na waya zake moja kwa moja ku batri, tano mara tano ni ishirini na tano. Batri zinatoa ishirini na ine. Hakuna hata tone la kuunguza mutu. Didier akaandika kwenye karatasi, akaikunja, akaitia ndani ya kofia.

Ameenda kununua majicho matano. Kitu kimoja tu kinanisumbua, nimekiwaza toka asubuhi na hata sombe imeshika chini ya sufuria. Kuna volti moja inakosekana. Jicho la mwisho litalala njaa, na ni la Bikira Maria. Nimemutuma Bintu akimbie nyuma ya Didier, amwambie atafute batri ya tatu.